Kitabu cha msamaha kilichonipandisha presha (uzoefu wangu)

Hivi wapendwa, duka la vitabu vya Kikristo likikuuzia kitabu kibovu, ukidai hela yako unakuwa umetenda dhambi? Naulizia tu. Maana mimi nimeambiwa hivyo kaunta, mbele za watu, na binti ambaye ningeweza kumzaa.

Ilikuwa kama mwezi uliopita au ule wa nyuma yake, sikumbuki vizuri. Tangu tumzike mama nilikuwa sisomi kitu, hata Biblia nafungua naifunga, akina mama wa jumuiya wakaanza kuniambia tafuta kitabu hiki, tafuta kile. Kwa hiyo nikaenda duka moja hapa Dar, jina sitaji. Wanaolijua watalijua kwa zile spika zinazopiga gospo mpaka huwezi kusoma nyuma ya kitabu. Nikamwambia yule binti nimefiwa, nataka kitabu cha kunitia moyo. Akanishushia rundo la vile vya hatua saba za kubomoa madhabahu za ukoo, funguo za utajiri sijui nini, yote jaladani kuna mtumishi kavaa suti na saa kubwa. Mdogo wangu, mimi nimekwambia nimefiwa, wewe unanipa utajiri? Ndio nikakiona chini kabisa kwenye shelfu, The Hiding Place cha Corrie ten Boom, kimefungwa kwenye nailoni. Nikaomba nifungue nichungulie. Hairuhusiwi. Haya, elfu kumi na nane nikatoa, isiwe tabu.

Sasa hapa niseme ukweli, kitabu kitamu jamani. Mnaosoma Kiingereza cha kawaida tu mtakielewa. Ni huyo dada wa Uholanzi, mji wa Haarlem, familia ya mafundi saa, wanaficha Wayahudi nyumbani kwao wakati wa Wanazi mpaka familia inakamatwa mwaka 1944. Kuna mahali mapema kabisa Corrie bado mtoto, ameona maiti ya kichanga, usiku analia anamwambia baba yake wewe usife. Baba anamuuliza, tukisafiri kwa treni tiketi yako huwa nakupa saa ngapi? Anajibu, tukikaribia kupanda. Baba anamwambia basi na Mungu naye ndivyo, nguvu ya kupokea kifo atakupa saa hiyo hiyo unayoihitaji, sio kabla. Mimi hapo nilifunga kitabu nikaenda kukaa barazani, kwa sababu mwaka mzima wa ugonjwa wa mama nilikuwa naitafuta hiyo tiketi kabla ya siku yake. Wachungaji wangapi wamekuja kuniombea na hakuna aliyenisemesha hivyo.

Halafu kuna viroboto. Wako kambi ya Wanazi ya Ravensbrück, bweni limejaa viroboto, dada yake Betsie anasema tushukuru hata kwa viroboto, Corrie anaona huyu sasa kazidi. Baadaye wanagundua walinzi walikuwa hawaingii mle ndani kwa kuogopa hao hao viroboto, ndio maana waliweza kusoma Biblia bila kubughudhiwa. Nilicheka peke yangu kama chizi.

Kwa hiyo mnaelewa nilivyokuwa nimenogewa. Betsie ameshafia kambini, Corrie katolewa kwa makosa ya karatasi tu, vita imeisha, sasa anazunguka kuhubiri msamaha, yuko kanisani Munich, na nani anamsogelea baada ya ibada, askari mmoja aliyekuwa analinda mlango wa bafu kule kambini. Anatabasamu. Ananyoosha mkono amsalimie. Nageuza ukurasa.

Haarlem. Mzee yuko mezani anarekebisha saa.

Nikadhani usingizi. Nikarudi nyuma, nikaenda mbele, nikaangalia namba za kurasa, kumbe wamebandika tena kurasa za mwanzo pale mwishoni! Mzee, baba yake Corrie niliyeshamlilia, aliyekufa akiwa mfungwa siku chache tu baada ya kukamatwa, kafufuka yuko na lenzi yake. Na za mwisho zenyewe hazipo kabisa. Kuangalia vizuri kwenye mwanga naona maandishi yamepinda, pembeni kuna kivuli cheusi kama cha fotokopi, gundi imemwagika mpaka ndani. Ndio maana ya nailoni! Unafungiwa usione.

Nikarudi dukani na risiti yangu. Nikamsalimia vizuri tu, nikamwekea kitabu kaunta nimeshakifungua pale pale penye shida. Hakukigusa. Naomba mlishike hilo, hakukigusa. Akakiangalia kwa mbali kama vile nimemletea samaki aliyeoza, akanyooshea kidole karatasi ukutani, bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia sirudishi, nataka nibadilishiwe, kingine si kile pale shelfuni? Akasema kile nacho kinaweza kuwa hivyo hivyo. Yaani anajua! Nikapandisha sauti kidogo, nakubali kidogo ilipanda, akatabasamu akaniambia, "Mama mpendwa, si kitabu chenyewe kinafundisha msamaha? Samehe tu, Mungu atakurudishia." Na kuna kaka mmoja anachagua kadi za harusi akaitikia amina.

Amina ya nini?

Nimeliwaza hili mpaka kichwa kinauma na bado sikubali. Zile kurasa nilikuja kuzipata kwa dada mmoja wa kwaya ana nakala halisi, akanipigia picha akanitumia WhatsApp. Corrie anasema wazi mkono wake ulikataa kunyanyuka. Alibaki na hasira moyoni, akaomba Yesu amsaidie, akajaribu tena hajisikii chochote, akaomba tena amsamehe kwa msamaha Wake, ndio mkono ukanyanyuka. Hakuna mtu aliyesimama pembeni kumwambia samehe tufunge duka. Na yule askari, pamoja na yote aliyoyafanya, alimfuata mwenyewe na akanyoosha mkono. Wewe binti hata kunyoosha mkono ukague kitabu umeshindwa! Halafu unanihubiria mimi.

Kwa hiyo nilikuwa nataka kuwaambia msikinunue. Hapana, kinunueni, kinunueni kabisa, ila sio pale. Na kama umefiwa kama mimi tafuta pia kile kidogo cha mwandishi C. S. Lewis, A Grief Observed, alichoandika baada ya mke wake kufa mwaka 1960. Humo hajifanyi yuko sawa, anamlalamikia Mungu mpaka unaogopa. Alikitoa mwaka uliofuata kwa jina la bandia, N. W. Clerk, na watu wakawa wanampelekea eti kimsaidie kwenye msiba wake, hawajui ni yeye kaandika! Mimi kilinisaidia zaidi ya pole nyingi nilizopewa, japo kurasa za mwanzo ukizisoma usiku huna mtu karibu zinauma.

Na mkitaka msamaha wa kwetu huku, kuna askofu Festo Kivengere wa Uganda, I Love Idi Amin. Wazee wa Dodoma wanaweza kumkumbuka, aliwahi kufundisha sekondari kule. Askofu mkuu wa Anglikana kule Uganda, Janani Luwum, aliuawa Februari 1977 enzi za Amin, serikali ikasema ajali ya gari, Kivengere akakimbilia Rwanda na mke wake usiku kwa miguu, halafu mwaka ule ule katoa kitabu chenye jina hilo. Yaani jina peke yake linanishinda. Nilikiazima siku nyingi nikakirudisha sijamaliza, sasa hivi ndio nakitaka chenyewe.

Tatizo nimezunguka Kariakoo, nimeuliza Posta, nimeuliza mpaka wale wa vitabu vya mtumba vya chini, hakipo. Kiko wapi? Dada wa kwaya kaniambia kakiona kule kule kwa yule binti, shelfu ya chini, kwenye nailoni. Nitaenda, nifanyeje sasa. Ila safari hii nailoni naichana hapo hapo kaunta, nahesabu ukurasa mmoja mmoja na spika zao zikilia, na hela haitoki mkononi mpaka nimefika wa mwisho.