Vyumba vya wanafunzi juu Kadutu: bei nafuu, maji taabu

Wengi wanaochagua chuo Bukavu huuliza minervali (karo), chumba baadaye. Hivi vya kupanga huku Kadutu, mtaa wa Bukavu ulio kilimani, vina mlango wa chuma, dirisha pana, na bei haiumizi. Shida ni robine (bomba) moja uani kwa vyumba vyote. Maji hufika usiku wa manane. Asiye na bidoni 2 za lita 20 anaamkia kununua. Bidoni hizo zinamtosha mtu mmoja siku mbili, kama hafui.

Mita ya umeme nayo ni moja. Mwenye resho (jiko la umeme) huangusha disonta, swichi kubwa ya nyumba, halafu bili inagawanywa sawa, hata kwa mwenye balbu moja! Dai mita yako ndogo kabla ya kutoa garanti, pesa ya dhamana ya chumba. Umeme ukikatika, watu huingiza mbabula (jiko la makaa) ndani. Hatari: moshi wa makaa huua hata usipoonekana. Pika barazani, ingawa baraza ni upana wa mkeka.

Njoo ukague siku ya mvua, Septemba hadi Mei. Njia huteleza, pikipiki hazipandi. Gusa ukuta wa nyuma uliochimbiwa kilimani: ukiwa na unyevu, godoro litaota ukungu. Chumba cha mbele ni bora.