TAHADHARI: "Madini ya kunenepesha" yanayouzwa minadani

Wafugaji wenzangu, hasa mnaonenepesha ng'ombe wa nyama huku Kanda ya Ziwa na Dodoma, fungueni macho. Kuna jamaa wanazunguka minadani na gari dogo lenye spika, wanauza mifuko ya unga mwekundu na kuahidi dume ataongeza kilo 2 kwa siku kwa kulamba tu. Uongo mchana kweupe! Kinachojaza nyama ni mashudu, pumba, molasi na majani ya kutosha. Madini yanaziba pengo tu.

Mfuko alionunua jirani yangu nimeukagua mwenyewe. Mdomo umeshonwa kwa mkono, uzi wa bluu juu ya matundu ya mshono wa zamani wa mashine. Lebo ni fotokopi iliyobandikwa kwa gundi: kalsiamu, fosforasi, zinki, seleniamu, bila asilimia hata moja. Hakuna tarehe, wala namba ya toleo, wala anwani ya kiwanda. Kwa ncha ya ulimi ni chumvi. Tukaumwagia siki, ukatoa povu jingi, yaani chokaa ipo. Povu peke yake halimtii mtu hatiani, maana hata madini halali huwekwa chokaa. Na ule wekundu usikubabaishe. Mara nyingi ni oksidi ya chuma, na ng'ombe wa machungani chuma hakimpungukii.

Cha ghali kwenye madini ni fosforasi, na ndiyo matapeli wanayoiruka. Ng'ombe wa machungani huikosa sana kiangazi, ndiyo maana unamkuta anatafuna mifupa, na kwenye mifupa ya mizoga anaweza kuokota sumu ya botulizimu inayompooza. Chumvi na chokaa havimsaidii huyo. Wa zizini anayeshindia pumba na mashudu ni kinyume: fosforasi anayo tele, kalsiamu ndiyo haba, na uwiano ukikaa vibaya madume na maksai huziba mkojo kwa vijiwe. Sasa muuzaji asiyekuuliza hata ng'ombe wako wanakula nini, anakushauri kwa lipi? Hawa wanadai unga huohuo unafaa hadi kondoo, ambaye shaba ikizidi kidogo inamuua.

Ukienda kununua, soma asilimia ya fosforasi na kalsiamu, dai risiti, na hakikisha jina linalotokea kwenye simu unapolipa ni la duka. Jirani alilipa kwa namba ya mtu binafsi, na sasa haipatikani.

Kama umeshanunua, acha kuwapa mifugo lakini usiutupe. Hifadhi mfuko na lebo yake, upeleke kwa afisa mifugo wa kata, sampuli inaweza kupimwa TVLA, yaani Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania. Na aliyewaona wiki hii aseme ni mnada gani.