Copag 1546 kwenye meza ya Badugi: chukua nyembamba, acha alama kubwa

Kama mnacheza Badugi, aina ya poka ya kubadilisha karata, seti ya karata za plastiki ya Copag 1546 inafaa, lakini si kila toleo lake. Inauzwa pakiti mbili ndani ya boksi moja, migongo ya rangi tofauti, kwa upana wa poka (milimita 63) au wa bridge (57), na alama za pembeni (namba na aina kwenye kona) kubwa au za kawaida. Chukua ya bridge yenye alama za kawaida. Duka likiwa na ya poka yenye alama kubwa tu, itafaa Texas Hold'em, poka ya karata mbili za siri kwa kila mtu, lakini Badugi itawasumbua.

Sababu iko kwenye mchezo wenyewe. Badugi ni poka ya kutafuta mkono mdogo. Inachezwa sana Korea Kusini, na mwaka 2023 World Series of Poker, mashindano makubwa ya poka, iliipa shindano lake la bangili, yaani mshindi hupewa bangili. Kila mtu anagawiwa karata nne zilizofunikwa. Unazitaka nne zenye namba tofauti na za aina tofauti: kopa moja, uru moja, shupaza moja, pau moja. Ree (A) ndiyo ndogo kuliko zote na mfuatano haukudhuru, kwa hiyo mkono bora ni A-2-3-4 wa aina nne. Karata mbili zikigongana, kwa namba au kwa aina, moja haihesabiwi na unabaki na mkono wa karata tatu. Mkono wa nne zisizogongana nao huitwa badugi, na badugi kamili, hata yenye K, inaupiga mkono wowote wa tatu. Badugi mbili zikikutana mnaanza kulinganisha karata kubwa: 7-6-5-4 inaishinda 8-3-2-A. Wageni wengi wanabishia hapo, wakiona ree na mbili wanadhani wameshinda.

Wawili wa kushoto kwa mgawaji wanaweka dau la lazima, kisha mnaweka madau, mnabadilisha karata (kuanzia sifuri hadi nne), mnaweka madau tena. Mabadilisho ni matatu, raundi za madau nne. Kwa kawaida dau lina kikomo: dogo raundi mbili za kwanza, maradufu yake mbili za mwisho.

Kugawiwa badugi kamili moja kwa moja ni mikono 17,160 kati ya 270,725, kama asilimia 6. Ukishika A-2-3 za aina tatu, zinazokukamilishia ni karata 10 kati ya 48 usizoziona: karibu asilimia 21 kwa badilisho moja, asilimia 51 ukifika hadi la tatu. Nusu ya hizo kumi ni 9 kwenda juu, yaani badugi dhaifu. Kushika 7-8-9 na kulipia mabadilisho yote matatu ni kuchoma hela.

Sasa turudi kwenye karata. Hold'em unainua kona za karata zako mbili mezani, basi. Badugi unashika nne mkononi kama feni, unachomoa, unarudisha, mara tatu kwa mchezo mmoja. Upana wa 57 unakaa vizuri kwenye kiganja, na alama za kawaida hazisomeki na jirani wa kulia. Zile kubwa zinasomeka, hata kama hana nia mbaya.

1546 ni plastiki tupu, na joto la Mombasa, Unguja au Dar haliziumizi kama linavyoumiza za karatasi, ambazo hunyonya unyevu, huvimba na kugandana. Zikipata mafuta ya vidole, futa moja moja kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kisha kausha kabla ya kuzirudisha. Zikiwa mpya zinateleza mno. Zichange muda mrefu kabla ya mchezo wa kwanza. Na karata moja ikipata mkunjo, pakiti nzima imekwisha, maana kila mtu ataitambua.

Kasoro kubwa kwa Badugi ni rangi. Kopa na uru zote nyekundu, shupaza na pau zote nyeusi, na mkono wenyewe unategemea aina. Usiku taa ikiwa hafifu, mtu anakataa kubadilisha akidhani ana badugi, mwishoni anafunua uru mbili. Kinachohesabiwa ni karata zenyewe, si alichodhani: huo ni mkono wa tatu. Copag wana toleo la rangi nne, ambapo uru ni za bluu na pau za kijani. Kwa meza ya wanaojifunza, anzeni na hilo.

Pakiti ya pili ni ya kuchangwa wakati ya kwanza inachezwa, si ya kujazia. Wachezaji sita wanachukua 24, zinabaki 28, na moja inachomwa (inawekwa kando ikiwa imefunikwa) kabla ya kila badilisho, kwa hiyo za kubadilishia ni 25. Zikiisha, gawa kwanza zilizobaki, halafu changa zilizotupwa raundi zilizopita pamoja na za waliojitoa. Alizozitupa mchezaji anayebadilisha sasa hivi ziweke kando, asije akarudishiwa K yake mwenyewe.