BLAST ya NCBI: nimefananisha S12 ya E. coli na ya tumbaku, natoa nyota tano

BLAST ni programu ya mtandaoni ya kufananisha herufi za DNA au za protini, iko kwa NCBI, kituo cha Marekani cha data za bayolojia. Ipo tangu 1990 na mpaka leo ni bure, hujisajili wala hulipii, unafungua tu unabandika. Mi nilitaka kitu kimoja, kuona S12, moja ya protini za ribosomu (mtambo wa seli unaotengeneza protini), kwenye bakteria E. coli inafanana vipi na ile ya kloroplasti (sehemu ya kijani ya seli ya mmea) ya tumbaku, maana darasani tunaambiwa kloroplasti zamani ilikuwa bakteria, tunakariri tunapita, nikasema hapana hii lazima niione kwa macho yangu.

Mwanzo nilibandika herufi za DNA nikaambulia patupu. Kosa langu hilo, DNA inabadilika haraka kuliko protini inayotoka humo. We bandika protini, chagua blastp, ile ya kufananisha protini na protini. Nilivyofanya hivyo mstari wa katikati, ule wa herufi zinazofanana, ukajaa, E. coli amino asidi 124 (vipande vya protini, kila kimoja herufi moja), tumbaku 123, halafu pale kwenye PKKPNSALRK juu na chini ni vilevile, herufi kumi zote, na hawa wameachana zaidi ya miaka bilioni moja jamani! Na humohumo ndo kuna ile amino asidi laisini (herufi K) ambayo ikibadilika bakteria anakuwa sugu kwa streptomaisini, ile sindano ya TB.

Ila utamu wenyewe uko tblastn, ile ya kutafuta protini ndani ya DNA. Unaipa protini ya E. coli unaielekeza kwenye jenomu (DNA yote) ya kloroplasti ya tumbaku, ile waliyoisoma Wajapani 1986, sasa usishtuke jibu likija vipandevipande. Amino asidi 38 za mwanzo ziko mbali huko peke yake, zilizobaki zinatokea sehemu mbili tofauti, nikadhani nimeharibu tena, kumbe ndo ilivyo, jeni ya rps12, ndo ya hiyo S12, imekatika kweli, kila upande unasomwa kivyake halafu RNA (nakala za jeni) zinaungwa, na hicho kipande cha pili kina nakala mbili. Kitabuni ilikuwa sentensi moja tu, hapa unaona namba za mahali kabisa.

Kama una mimea na bakteria wengi kwa pamoja peleka Clustal Omega, programu nyingine, itakupangia wote mstari kwa mstari.

Nimebakiza mhogo, jenomu ya kloroplasti yake nayo ipo humo NCBI, herufi 161,453 za DNA. Kesho naanza na rpl2 na rps19, jeni za protini nyingine za ribosomu, maana hizo mbili zimekaa jirani kwenye kloroplasti kama zilivyokaa kwa E. coli.