Matunda ya waridi mwitu kwa farasi: lipi la kununua, lipi la kuacha

Lebo za bidhaa hizi husifu sana vitamini C. Ila farasi si kama binadamu: ini lake hujitengenezea vitamini hiyo, na akila majani mabichi hupata ya ziada. Anayeweza kupungukiwa ni farasi mzee, mwenye ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu, au anayekula nyasi kavu tu, kwa kuwa nyasi zikikauka vitamini hiyo hupotea karibu yote. Na hesabu yenyewe haidanganyi. Tunda bichi lina takriban miligramu 400 kwa kila gramu 100, na kulikausha hupoteza sehemu ya hizo. Daktari wa mifugo akisema farasi wako anahitaji gramu kadhaa kwa siku, nunua vitamini yenyewe ya unga. Matunda haya yanafaa zaidi kwa farasi mchaguzi wa chakula, maana uchachu wake humvuta.

Chaguo letu la kwanza ni maganda makavu yaliyokatwakatwa, yaliyotolewa mbegu. Ndani ya tunda, mbegu zimezungukwa na vinyweleo vigumu vinavyowasha mdomo na koo, kwa hiyo unalipia kazi ya kuvipepeta. Chota kiganjani usugue: maganda mazuri ni mekundu au ya rangi ya chungwa, yanavunjika kwa mlio na yananukia uchachu wa tunda. Yakiwa ya kahawia, yamezeeka au yameunguzwa na joto la kukaushia. Yakinatana, yameingiwa unyevu na ukungu hauko mbali.

Matunda mazima makavu yanashika nafasi ya pili. Ni nafuu na hutunzika vizuri zaidi, ila ni magumu. Farasi mwenye meno mabovu atayatema, au atayameza bila kuyatafuna. Yaloweke kwenye maji baridi kwa saa chache, kisha umpe pamoja na maji yake. Usiyachemshe.

Unga tunauweka nyuma sana. Vitamini yake huharibika upesi kwa sababu hewa inagusa kila chembe, vumbi lake ni baya kwa farasi mwenye kikohozi, na huwezi kuona kama umesagwa pamoja na mbegu na vinyweleo.

Mchanganyiko wa mitishamba “ya viungo”, yaani maungio ya mifupa, ndio wa mwisho. Mara nyingi kiasi cha waridi hakiandikwi. Kwa farasi wa mashindano kuna hatari nyingine: baadhi huwa na mzizi wa Harpagophytum, mmea wa kusini mwa Afrika, na kemikali yake, harpagosaidi, imo kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa na FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi.

Uliza nchi na mwaka wa mavuno. Mengi hutoka kwenye vichaka vya mwitu vya Chile na Ulaya Mashariki, na hata milima ya Lesotho, ambako wanakijiji huyachuma kwa ajili ya kuuzwa nje. Usijichumie kwenye mawaridi ya bustani au ya mashamba ya maua kama ya Naivasha. Hayo hupigwa dawa za wadudu.

Farasi wa kilo 500 anatosheka na gramu 30 hadi 50 za maganda kwa siku. Poni, nusu yake. Anza na gramu 10, uongeze taratibu kwa wiki moja. Tumia mizani ya jikoni, maana kikombe cha maganda na kikombe cha unga havina uzito mmoja. Kwa gramu 40, kilo moja huisha kwa siku 25, hivyo gunia la kilo 20 kwa farasi mmoja ni hasara: litachakaa kabla hujafika katikati. Chukua kilo 2, zihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, mahali pakavu pasipo jua.

Farasi aliyewahi kuvimba kwato kwa sababu ya sukari asipewe kabla daktari hajaridhia. Tunda hili nalo lina sukari.