Kasiki dogo la bastola: tathmini baada ya miezi minane ya matumizi

Tangazo la kasiki hili, yaani sanduku la kufungia silaha, linajivunia jambo moja tu, kwamba mwenye bastola akiamka usiku atagusa kwa kidole na mlango utafunguka kabla hajavuta pumzi ya pili. Nimelitumia kwa miezi minane na ninakiri kwamba, kidole kikiwa kikavu na safi, tangazo halisemi uongo. Hata hivyo, mimi sikulinunua ili linifungulie upesi. Nililinunua ili limkatalie mtu mwingine, hasa mtoto, na nitalipima kwa kipimo hicho.

Inafaa kueleza kwanza kwa nini bidhaa za aina hii zimejaa sokoni. Marekani, ambako raia walikadiriwa kuwa na bunduki milioni 393 mwaka 2017, kati ya milioni 857 zilizokuwa mikononi mwa raia duniani kote, sababu ya kumiliki silaha imegeuka. Mwaka 1999 karibu nusu ya wamiliki walioulizwa walitaja uwindaji kuwa sababu yao kuu. Mwaka 2023 asilimia 72 waliiambia taasisi ya utafiti ya Pew kwamba kujilinda ni sababu kubwa ya wao kuwa na bunduki. Mageuzi hayo yamebadili pia mahali silaha inapolala. Bunduki ya mwindaji inaweza kukaa kabatini bila risasi mpaka msimu ufike, lakini bastola ya kujilinda huwekwa karibu na mto, mara nyingi ikiwa imekwisha kujazwa, kwa kuwa mwenyewe anaamini kwamba mvamizi hatamsubiri. Mwaka 2021 watu 549 nchini humo walikufa kwa risasi zilizofyatuka kwa bahati mbaya. Ni sehemu ndogo ya vifo 48,830 vilivyotokana na bunduki mwaka huo, ambavyo zaidi ya nusu vilikuwa vya watu waliojiua, ila ni vifo ambavyo hakuna aliyevikusudia.

Kasiki lenyewe ni sanduku la chuma lenye ukubwa wa kamusi nene, na linafunguliwa kwa njia tatu: alama ya kidole, namba ya siri na ufunguo wa akiba. Chuma chake ni cha kuridhisha na bawaba zimefichwa ndani, hivyo bisibisi haina pa kushika. Nililiangusha kutoka kimo cha goti zaidi ya mara ishirini, kwa sababu baadhi ya makasiki madogo yenye kufuli la umeme huachia kitasa yakipigwa kishindo; hili halikuachia. Uzito wake ni mdogo kiasi kwamba mtoto wa miaka kumi angeweza kulibeba hadi chumba kingine akalishughulikie kwa nafasi, kwa hiyo kulifunga kwa boliti sakafuni au kwenye fremu ya kitanda si jambo la hiari, ingawa kijitabu cha maelekezo kinalitaja mwishoni kabisa kana kwamba ni pambo.

Kasoro kubwa niliikuta siku ya kwanza. Kabla ya kusajili alama yoyote, kasiki hufunguka kwa kidole cha mtu yeyote, na halitoi onyo lolote kwamba liko katika hali hiyo. Mtu akilifungua, akaona linamtii, anaweza kuamini kwamba limemtambua, akaweka bastola ndani na kwenda zake akiwa na amani isiyo na msingi. Hili si hofu ya kinadharia: mnamo Oktoba 2023, nchini Marekani, makasiki ya bunduki yapatayo 61,000 ya kampuni nyingine yaliondolewa sokoni kwa sababu ya kasoro inayofanana na hii, baada ya mvulana wa miaka 12 kupoteza maisha. Anayenunua kasiki la namna hii asajili kidole chake, kisha amwombe mtu mwingine ajaribu kulifungua kwa chake kabla bastola haijaingia humo.

Upande wa pili, kidole changu mwenyewe kilikataliwa kila nilipotoka kuosha vyombo. Mikono yenye jasho, yenye mafuta au yenye jeraha hupata taabu ileile, na sidhani kama kuna anayeamshwa na kishindo cha usiku akiwa na mikono mikavu. Baada ya mwezi wa tatu niliacha kutumia kidole na kubaki na namba ya siri, ambayo inanichukua sekunde tatu au nne.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni makubwa mno, kwamba inatosha kuificha bastola juu ya kabati na kumwonya mtoto. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2001, wavulana 64 wa miaka 8 hadi 12 waliwekwa kwa makundi madogo katika chumba chenye bastola halisi isiyo na risasi iliyofichwa kwenye droo. Makundi 21 kati ya 29 yaliiona, 16 yaliishika, na katika 10 angalau mmoja alivuta kifyatulio. Wala kifyatulio kigumu si kinga ya kutegemewa, kwani utafiti mwingine wa miaka ya tisini ulionyesha kwamba mtoto mmoja kati ya wanne wa miaka mitatu hadi minne anaweza kuvuta uzito wa kilo 4.5 akitumia vidole viwili vya shahada.

Nimelilinganisha pia na kufuli la kebo nililokuwa nikitumia awali, lile linalopitishwa ndani ya mwili wa bastola ili isiweze kukokiwa. Kebo ni rahisi mno na ina faida ambayo kasiki halina: haiwezi kufungwa mpaka silaha iwe imeondolewa magazini, yaani kibebeo cha risasi, na chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kufunguliwa, hivyo humlazimisha mwenyewe kuhakikisha kwamba haina risasi. Kasiki hupokea chochote utakachoweka ndani yake, hata bastola iliyokokiwa.

Kwa hiyo ninalipendekeza kwa masharti. Mwenye nyumba isiyoingia watoto, anayetaka tu kumzuia mwizi wa haraka, litamtosha akilifunga kwa boliti. Mwenye watoto asitegemee kisomaji cha kidole, na funguo za akiba asiziache ndani ya boksi lililokuja nalo, ambamo nilizikuta zangu zikiwa zimefungwa kwa utepe pamoja na karatasi yenye namba ya siri ya kiwandani. Bastola yangu sasa imo ndani ya kasiki bila magazini, kebo ikiwa mahali pake, na risasi ziko katika kisanduku kingine chenye ufunguo wake.