Pampu za Mawimbi kwa Tangi la Matumbawe Nyumbani: Ipi Ununue Ukiwa Uganda

Nianze na jibu, maana wengine mnasoma hela ikiwa tayari mkononi. Kwa tangi la matumbawe la lita 150 hadi 400, nunua pampu mbili za propela zinazotumia umeme wa DC (mkondo wa upande mmoja, kama wa betri) wa volti 24, zenye kidhibiti cha mwendo, na kila moja iwe kubwa kuliko unavyohitaji. Kisha ziendeshe polepole. Ndizo namba moja hapa, na jina la kiwanda si sababu kubwa.

Sababu ya kwanza ni hesabu. Maji yanayosukumwa na propela huongezeka sambamba na mwendo wake, lakini nguvu ya kuizungusha hupanda kwa mwendo huo uliozidishwa wenyewe mara tatu. Punguza mwendo uwe nusu: maji yanabaki nusu, nguvu inashuka hadi sehemu moja ya nane. Anayeendesha baiskeli akipigwa na upepo wa mbele analijua hilo kwa mapaja yake. Kwenye mita hutaiona moja ya nane kamili, kwa kuwa adapta na kidhibiti navyo vinakula chao. Hata hivyo, pampu mbili za nusu mwendo hutoa maji yaleyale ya pampu moja inayokimbizwa hadi mwisho, kwa umeme pungufu sana. Na kelele karibu yote inaondoka, kwa sababu propela inayokwenda taratibu haivumi, haivuti hewa kutoka juu, wala haitikisi kioo.

Pampu ya mawimbi haizimwi, ndiyo maana wati zake zina uzito. Wati 10 usiku na mchana ni uniti 7.2 kwa mwezi. Kwa makadirio ya shilingi 800 kwa uniti ya Yaka (umeme wa kulipia kabla), hiyo ni kama shilingi 5,800. Mfumo wa wati 40 unafika 23,000, na tofauti ya mwaka mzima inapita laki mbili, kabla hujagusa taa na hita. Tena wati zote za pampu iliyozama huishia kuwa joto ndani ya maji. Kampala usiku wake wa baridi unakusaidia. Aliye Gulu au Moroto ataona kipimajoto kikipita nyuzi 27 alasiri, na mashine ya kupoza maji ni gharama ya namna nyingine kabisa.

Lakini kinachonifanya nishikilie DC ni saa umeme unapoondoka. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa ni ndogo huku juu, kwa hiyo maji yanashika oksijeni pungufu kwa kama asilimia 13 kuliko maji ya joto hilohilo kule Mombasa. Ongeza kwamba maji ya bahari, yenye chumvi ya gramu 35 hivi kwa kila kilo, hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko maji yasiyo na chumvi. Waliozoea kufuga ngege na fulu wa ziwani wanajua umeme unaweza kukatika nusu siku na samaki wakawa salama. Kwenye matumbawe usiende na mazoea hayo. Uso wa maji usipotikiswa hewa haiingii, na tangi lililojaa samaki na matumbawe huanza kukosa pumzi ndani ya saa chache. Kabale na miji mingine ya juu zaidi, muda huo unafupika.

Pampu nyingi za volti 24 hukubali betri ya volti 12, zikizunguka taratibu tu, na mwendo huo unatosha kuokoa tangi. Muulize muuzaji kabla ya kulipa, kwa maandishi. Betri ndogo ya UPS, ya volti 12 na ampea-saa 7, ina wati-saa 84 kwenye karatasi. Kwa kuwa ni ya risasi, hesabu nusu tu ili isife mapema. Wati-saa 42 kwa pampu iliyopunguzwa hadi wati 5 ni kama saa nane. Betri mbili sambamba zinakuvusha usiku. Weka fyuzi karibu na betri, na betri yenyewe isikae chini ya tangi mahali maji ya chumvi yanaweza kudondokea. Mwenye sola nyumbani hana haja hata ya betri mpya: atoe waya wa volti 12 kwenye kontrola yake moja kwa moja, asizunguke kwenye inveta, kwa sababu inveta nyingi hula wati kadhaa bila kufanya kazi yoyote.

Sasa orodha yenyewe.

1. Pampu za propela za DC zenye kidhibiti

Humu kuna ngazi mbili. Ya chini ni Jebao ya China, bei yake makumi ya dola. Namba ya jina huelekeza uwezo: RW-4 ni ya lita 4,000 kwa saa ikikimbia hadi mwisho, RW-8 ni ya 8,000. Ya juu ni Tunze ya Ujerumani. Turbelle nanostream 6055 yao inatoa lita 1,000 hadi 5,500 kwa saa kwa wati 4 hadi 18, na wana kifaa chao cha kuhamia kwenye betri chenyewe umeme ukikatika. Ukiniuliza mimi, kwa tangi la kwanza chukua Jebao mbili pamoja na impela (sehemu inayozunguka, propela na sumaku yake) ya akiba. Pesa inayobaki inunue betri. Tunze ni pampu ya mtu anayetaka kuifungua na kuitengeneza kwa miaka mingi, maana spea zake zinauzwa kimojakimoja.

Kiasi cha maji kipimwe kwa ujazo wa tangi. Matumbawe laini hutosheka na mzunguko wa mara 10 hadi 20 kwa saa. Yenye polipu (vinyama vidogo vinavyounda tumbawe) kubwa kama Euphyllia hayapendi kupigwa na mkondo wa moja kwa moja, ingawa mzunguko wa jumla wa mara 20 au zaidi hauyasumbui. Acropora na jamaa zake, wenye polipu ndogo, hutaka mara 40 na kuendelea. Hizi ni kanuni za mkono za wafugaji, kwa hiyo macho yako yaamue. Tangi la lita 200 la matumbawe mchanganyiko linahitaji kama lita 6,000 kwa saa. Hapo RW-4 mbili zitakimbia robo tatu ya mwendo. RW-8 mbili zitakwenda chini ya nusu, na ndizo ningelipia.

Zifunge pande mbili za tangi, chini kidogo ya uso wa maji, zikielekezwa juu kiasi ili uso ucheze. Ziweke kwa zamu, moja ikipanda nyingine ikishuka. Kisha tia chakula laini kidogo nyuma ya jiwe na utazame. Chembe zikitua na kubaki, hapo taka zitajikusanya. Angalia na polipu za tumbawe la ngozi: zikilala upande mmoja muda wote bila kurudi, mkondo ni mkali na haugeuki. Zinazopepea kwenda na kurudi zinakuambia mpangilio umekaa sawa.

Vidhibiti vingi vina hali ya mapigo mafupi, na hapo ndipo wimbi la kweli linapopatikana kwa umeme kidogo. Maji ndani ya tangi yana mdundo wao wa asili. Kwa tangi la urefu wa sentimita 120 na kina cha 50, wimbi huenda na kurudi kwa sekunde 1.3 hivi. Zungusha kitufe pole pole ukitazama uso wa maji. Mapigo yakilingana na mdundo, maji yote yataanza kupanda upande huu na kushuka ule. Pampu moja inatosha. Ila stendi ikaguliwe kwanza. Fremu ya kuchomelea ya Katwe isiyo na mihimili ya mshazari itayumba na wimbi, na silikoni ya kwenye kona za tangi ndiyo itakayolipa. Wimbi la sentimita mbili ni zuri kutazama, la sita silitaki sebuleni kwangu.

2. Pampu ndogo za AC (umeme wa ukutani) zilizotengenezwa vizuri

Tunze 6045 hutoa lita 1,500 hadi 4,500 kwa saa kwa wati 5 hadi 7, bila kidhibiti cha umeme. Unapunguza maji kwa mkono kwenye kichwa chake. Hydor Koralia ya Italia iko katika kundi hilohilo. Kwa tangi lisilozidi lita 120, mimi ningeiweka juu ya Jebao: ni tulivu, haina saketi ya kuungua, na wati zake ni chache. Kasoro zake ni mbili. Mkondo haugeuki, na umeme ukienda inahitaji inveta, tena ya wimbi laini (pure sine wave), kwa maana inveta za bei nafuu huifanya ilie na kupata moto.

Angalizo kwa wanaoletewa na jamaa kutoka Marekani: pampu ya AC ya kule ni ya volti 115 na hezi 60. Kwenye volti 240 zetu itaungua. Za DC hazina shida hiyo iwapo adapta imeandikwa volti 100 hadi 240.

3. VorTech, yenye mota nje ya kioo

Pengine ndiyo pampu bora kuliko zote kwenye ukurasa huu. EcoTech Marine ya Marekani imeweka mota nje na propela ndani, zikishikana kwa sumaku kupitia kioo. Hakuna waya majini, na sehemu kubwa ya joto la mota inabaki sebuleni. Nimeishusha hadi nafasi ya tatu kwa sababu bei ni mamia ya dola kwa moja na inataka uangalie unene wa kioo: MP10 ni ya vioo vyembamba, MP40 ya vinene. Mota nayo iko upande wako, kwa hiyo mvumo wake unausikia zaidi. Matoleo ya zamani yalikuwa na sauti ya feni. Yenye alama ya QD yametulia. Ukiikuta iliyotumika, iulizie toleo kwanza.

4. Gyre

Maxspect Gyre haina propela. Ina magurudumu marefu yanayosukuma shuka pana la maji. Kwa tangi refu na jembamba inafagia vizuri ajabu. Bushi zake (pete zinazoshika shafti) zikilika inagonga, na kuisafisha ni kazi ya jioni nzima.

5. Kuwasha na kuzima pampu za AC kwa taima

Usinunue. Mota hizi huanza upande wowote, hivyo kila kuwashwa kunaleta kelele na msuguano. Vivyo hivyo usitumie pampu kubwa ya kurudisha maji ili ipate pia kutengeneza mawimbi: inapandisha maji kutoka tangi la chini, na kuyapandisha ndiko kunakokula wati.

Utulivu wa siku ya kwanza haudumu bila siki. Chokaa na mwani mwekundu hujenga kwenye shafti, pengo linajaa, mota inalazimika kusukuma zaidi, mvumo unaanza. Kila miezi miwili au mitatu toa pampu, iloweke kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, na iache izunguke humo ndani ya ndoo saa moja hivi. Sugua tundu la shafti kwa mswaki wa zamani, isuuze. Ikiwa bado inavuma, tazama mpira wa kati ya kioo na sumaku inayoishikilia pampu. Ukikauka na kuwa mgumu, tangi zima linageuka kuwa spika.

Waya wa kila pampu ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda kwenye plagi, ili matone yadondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Kwenye saketi ya tangi fundi afunge kikata umeme kinachohisi umeme unaovuja.

Ukiagiza kutoka nje, hesabu usafiri wa ndege na VAT ya asilimia 18 juu ya bei, na uweke kila kitu kwenye kifurushi kimoja: pampu mbili, impela mbili, bushi, mpira wa sumaku na adapta moja ya ziada. Adapta ndiyo hufa kwanza umeme wetu unapoyumba, na adapta ya volti 24 yenye ampea sawa inapatikana pia kwa mafundi wa kamera za ulinzi mjini.